Hesabu za Mzamiaji: Kupanga Likizo ya Kuzamia Kisiwani Mafia

Mtu anayepanga likizo kwa kawaida huanza na nauli, kisha malazi, kisha siku ya kuondoka nyumbani. Mzamiaji hana budi kuanza mwisho. Swali lake la kwanza ni hili: siku ya kurudi, ndege itaondoka kisiwani saa ngapi? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua azame mara ngapi, kwa kina gani, na siku gani auweke chini mtungi wake wa hewa. Asiyejali mpango huo aweza kutoka salama katika kina cha mita 20, akala chakula cha jioni kwa furaha, na kesho yake akapoteza nguvu za miguu akiwa angani. Sababu ya jambo hilo haimo katika ndege wala katika bahari peke yake. Imo katika tabia za gesi, zile zile ambazo wanafunzi wa sekondari huzisoma darasani kwa bomba la sindano na kipande cha mpira.

Mafia ni mahali pazuri pa kuzitazamia tabia hizo. Kisiwa hiki kipo kusini mwa Unguja, mkabala wa mahali ambapo mto Rufiji unamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Upande wake wa kusini-mashariki ipo ghuba ya Chole, iliyozungukwa na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo. Mwaka 1995 eneo la kilomita za mraba 822, pamoja na vijiji vilivyomo, lilifanywa kuwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini Tanzania. Wageni wengi huenda huko kuzamia penye matumbawe, wakivuta hewa iliyoshindiliwa katika mtungi.

Hewa inayotuama juu ya bahari ina uzito, na uzito huo hukandamiza kila kitu kwa kanieneo inayoitwa atmosfia 1. Maji ni mazito zaidi mno. Meta moja ya ujazo ya maji ya bahari ina kilo 1025 hivi. Kwa hiyo safu ya maji yenye kimo cha mita 10 hukandamiza kwa 1025 × 9.8 × 10, yaani nyutoni 100,450 kwa kila mita ya mraba. Hiyo ni karibu sawa kabisa na atmosfia 1. Basi kwa kila mita 10 mzamiaji anazoshuka, kanieneo huongezeka kwa atmosfia 1: katika mita 10 ni atmosfia 2, katika mita 20 ni 3, katika mita 30 ni 4.

Robert Boyle alieleza mwaka 1662 kwamba, halijoto isipobadilika, ujazo wa gesi hupungua kwa kadiri kanieneo inavyoongezeka. Puto lenye lita 6 za hewa juu ya maji hubakia na lita 3 katika mita 10, lita 2 katika mita 20, na lita 1.5 katika mita 30. Msomaji na azitazame namba hizo kwa makini. Mita 10 za kwanza zimeondoa lita 3. Mita 10 za mwisho zimeondoa nusu lita tu. Badiliko kubwa kuliko yote hutokea karibu na uso wa maji, mahali ambapo mgeni hudhani kwamba hatari imekwisha.

Hapa ndipo desturi ya mwambao inapoweza kumdanganya mtu. Kijana aliyekulia pwani, anayezama kwa miwani na mkuki kutafuta pweza, huvuta pumzi juu ya maji, huibana, hushuka na kupanda. Hewa yake husinyaa akishuka na kurudi katika ujazo wake wa awali akipanda; haiwezi kuzidi kiasi alichoingia nacho. Kwake yeye kubana pumzi ndiyo kazi yenyewe. Lakini mwenye mtungi yu katika hali nyingine kabisa. Kidhibiti-hewa, chombo ambacho Jacques-Yves Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walikifanikisha nchini Ufaransa mwaka 1943, humpa hewa yenye kanieneo iliyo sawa na ile ya maji yanayomzunguka. Akiwa katika mita 10, mapafu yake hujaa lita 6 za hewa yenye atmosfia 2. Akiibana na kupanda, lita 6 hizo zataka kuwa 12, na mapafu hayana nafasi hiyo. Kwa mapafu yaliyojaa, hata kupanda kwa mita moja na ushei kwaweza kuyapasua na kuingiza mapovu ya hewa katika mishipa iendayo kwenye ubongo. Ndiyo maana fundisho la kwanza la uzamiaji wa mtungi ni kuvuta na kutoa pumzi bila kukoma. Mwogeleaji hodari wa pwani huenda akahitaji siku zaidi kuliko mtu wa bara kulizoea fundisho hilo, kwa kuwa analazimika kwanza kuisahau elimu yake njema ya zamani.

Kanuni hiyo hiyo ya Boyle huamua pia muda wa kukaa chini. Mtungi wa kawaida una ujazo wa lita 12, na hewa hushindiliwa humo hadi atmosfia 200 hivi. Kwa hiyo una hewa ambayo ingechukua lita 2,400 kama ingeachiwa huru. Mtu mtulivu hutumia kama lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Katika mita 20, kila pumzi ina hewa mara tatu, hivyo matumizi ni lita 60 kwa dakika. Mzamiaji mwenye busara huacha akiba ya atmosfia 50, yaani lita 600. Zilizobaki 1,800, zikigawanywa kwa 60, zinampa dakika 30. Katika mita 10 angekaa dakika 45. Katika mita 30, dakika 22 tu. Aliyeingiwa na hofu, au anayepiga mapezi dhidi ya mkondo, aweza kutumia mara mbili ya kiasi hicho, na hesabu yote ikavunjika.

Kufikia hapa mambo yote yanaweza kuonekana kwa macho katika kipimo cha mtungi. Jambo la naitrojeni halionekani.

Kiasi cha sehemu 78 katika 100 za hewa ni naitrojeni. Mwili hauitumii, huingia na kutoka. Lakini mwaka 1803 Mwingereza William Henry alionyesha kwamba kiasi cha gesi inayoyeyuka katika kiowevu hulingana na kanieneo ya gesi hiyo. Kiwandani, gesi huyeyushwa katika soda kwa kanieneo kubwa. Kizibo kikifunguliwa kanieneo hushuka, na gesi hutoka kwa mapovu. Damu na tishu za mzamiaji ndiyo soda yenyewe. Akikaa katika mita 30, naitrojeni huendelea kuyeyuka mwilini mwake ikielekea kiasi cha mara nne cha kawaida. Akipanda polepole, gesi ya ziada hubebwa na damu hadi mapafuni na kutoka kwa pumzi. Akipanda kwa haraka, au akiwa amekaa mno, kizibo kimefunguliwa ghafla.

Ugonjwa unaotokana na mapovu hayo ulijulikana kwanza miongoni mwa vibarua wa nchi kavu. Katika karne ya 19, misingi ya madaraja ilichimbwa ndani ya makasha makubwa yaliyozamishwa mtoni na kujazwa hewa ya kushindiliwa ili maji yasiingie. Vibarua walipotoka jioni, baadhi yao walijikunja kwa maumivu ya viungo, wengine walipooza, wengine walikufa. Washington Roebling, mhandisi mkuu wa daraja la Brooklyn mjini New York, alipatwa na ugonjwa huo mwaka 1872 akabaki dhaifu kwa miaka mingi. Mfaransa Paul Bert ndiye aliyethibitisha, katika kitabu chake cha mwaka 1878, kwamba kiini chake ni mapovu ya naitrojeni.

Kujua kiini si kujua kipimo. Kipimo kilipatikana kwa msaada wa mbuzi. John Scott Haldane na wenzake, wakitumikia Jeshi la Majini la Uingereza, waliwafungia mbuzi katika chemba ya chuma yenye hewa ya kushindiliwa, kisha wakaipunguza kwa njia mbalimbali. Mbuzi anayeumwa na kiungo huinua mguu asiukanyagie, hivyo mgonjwa alijulikana bila kuulizwa. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 1908, Haldane alisema kwamba tishu za mwili hazijai naitrojeni kwa mwendo mmoja. Kila kundi la tishu lina muda wake wa nusu, kama vile vitu vyenye unururifu vilivyo na nusu-maisha. Tishu yenye muda wa nusu wa dakika 10 hufikia asilimia 50 ya shehena yake baada ya dakika 10, asilimia 75 baada ya dakika 20, asilimia 87.5 baada ya dakika 30, na kuendelea. Damu na ubongo hujaa upesi na kumwaga upesi. Mafuta na viungo hujaa taratibu na kumwaga taratibu. Haldane alitumia makundi matano, lenye mwendo wa pole kuliko yote likiwa na dakika 75. Mifano ya hesabu iliyofuata, ambayo leo imo ndani ya kompyuta ndogo ambazo wazamiaji huzivaa mkononi kama saa, ina makundi yenye muda wa nusu unaozidi saa 10.

Kutokana na elimu hiyo yalitengenezwa majedwali. Katika jedwali la Jeshi la Majini la Marekani lililotumika kwa miaka mingi, mzamiaji aliruhusiwa kukaa dakika 60 katika mita 18, na dakika 25 katika mita 30, kisha akapanda moja kwa moja. Waalimu wa siku hizi huongeza tahadhari: kupanda kusizidi mita 9 hivi kwa dakika, na kusimama dakika 3 katika mita 5 kabla ya kutoka. Ukilinganisha dakika 60 hizo na hesabu ya mtungi iliyotangulia, utaona kwamba hewa ya mtungi mmoja kwa kawaida humalizika kabla naitrojeni haijafikia mpaka. Mtungi humlinda mtu bila yeye kujua. Ulinzi huo hutoweka anapochukua mtungi wa pili na wa tatu siku ile ile. Nchini Honduras, wavuvi wa Kimiskito wanaozamia kamba wakubwa hutumia mitungi mingi kwa siku moja, bila jedwali wala mafunzo, na kwa sababu hiyo vijana wengi wa jamii hiyo wamelemaa miguu. Yeyote wa mwambao wa Afrika Mashariki anayeshawishiwa kufuata majongoo ya bahari kwa hewa ya kushindiliwa yu katika hatari hiyo hiyo, na mnunuzi wa majongoo hatamwambia.

Sasa lile suala la ndege laweza kujibiwa. Tuseme tishu fulani ya mzamiaji ina muda wa nusu wa saa 6. Baada ya saa 12 za kupumzika, robo ya naitrojeni ya ziada ingali imo. Baada ya saa 18, sehemu moja ya nane. Akiwa ardhini penye atmosfia 1, kiasi hicho hakina madhara. Lakini ndani ya ndege kubwa ya abiria kanieneo huweza kushuka hadi atmosfia 0.75 hivi, na ndege ndogo nyingi zinazokwenda visiwani hazina mtambo wa kudhibiti kanieneo kabisa. Abiria hupata kanieneo ya kimo kile kile zinakoruka. Mkutano wa wataalamu uliofanyika Marekani mwaka 2002 ulipendekeza kungoja saa 12 kwa uchache baada ya kuzama mara moja, na saa 18 baada ya kuzama mara nyingi au siku nyingi mfululizo.

Na ichukuliwe kwamba ndege huondoka Mafia Jumapili saa 3 asubuhi. Aliyetoka majini Jumamosi saa 5 asubuhi atakuwa amengoja saa 22, nayo yatosha. Aliyevutwa na uzuri wa maji akatoka saa 10 alasiri atakuwa amengoja saa 17. Amepungukiwa na saa moja, na ndege haitamngojea.

Wengi hudhani kwamba anayerudi kwa chombo cha majini hadi Nyamisati hana haja ya hesabu hii. Ni kweli kwamba bahari haina mlima. Barabara inao. Mwanafunzi anayeshuka Nyamisati, akalala Dar es Salaam na kupanda basi alfajiri kwenda Njombe, atafika jioni katika kimo cha kama mita 2,000, ambako kanieneo ni chini ya atmosfia 0.8. Kwa tishu zake, basi hilo ni ndege. Na watalii wanaopanga Mafia kwanza kisha mlima Kilimanjaro wamepanga kinyume. Kileleni, mita 5,895, kanieneo ni karibu nusu ya ile ya pwani. Mlima na utangulie.

Baada ya siku ya mwisho kupangwa, hufuata majira. Kwa hili vitabu vya kigeni havina haja ya kutafutwa, maana mabaharia wa mwambao wameyajua mambo haya kwa karne nyingi. Kusi, inayovuma kutoka kusini-mashariki kuanzia mwezi wa Aprili au Mei, huifanya bahari ya nje ya Mafia kuwa na mawimbi makubwa, na vyombo vya wazamiaji hubakia ndani ya ghuba. Kaskazi, kuanzia Novemba au Disemba hadi Machi, huleta bahari tulivu zaidi, na maji huwa na ujoto wa hadi nyuzi 29 au 30 za Selsiasi. Mwezi wa Agosti hushuka hadi 25 hivi. Nyuzi 25 si baridi kwa mtu aliye hewani. Lakini maji hupitisha joto kama mara 25 zaidi ya hewa, na baada ya dakika 40 mzamiaji asiye na vazi la mpira hutetemeka, na anayetetemeka hutumia hewa zaidi. Kipindi cha maleleji, baina ya pepo hizo mbili, mara nyingi huwa na bahari laini, ila masika ya Machi hadi Mei huchafua maji kwa tope la mito.

Anayekwenda kwa ajili ya papa potwe hana budi kuchagua miezi ya Oktoba hadi Machi. Samaki huyu, mkubwa kuliko samaki wote duniani, hula viumbe wadogo mno wanaoelea, nao huwa wengi upande wa magharibi karibu na Kilindoni. Zamani ilidhaniwa kwamba miezi mingine huhama kabisa. Watafiti waliwafunga vifaa vinavyotoa milio ya sauti na kuweka vinasa-sauti chini ya bahari. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba wengi wao hawaendi mbali, bali husogea penye kina zaidi wasikoonekana. Wala mtungi hautakiwi hapo: papa potwe hutazamwa kwa miwani na bomba la kupumulia, akiwa karibu na uso wa maji.

Ndani ya majira mna mwezi. Mwezi ukiandama na ukipevuka huja bamvua, na maji hupanda na kushuka kwa mita 3 au zaidi. Katika robo za mwezi huja maji mafu, na tofauti huwa ndogo. Ghuba ya Chole hujazwa na kumwagwa kwa kupitia milango michache, mkubwa ukiwa Kinasi. Maji yanapojaa, huingia maji safi ya bahari kuu. Yanapokupwa, hutoka maji ya ghubani yenye mchanga na vumbi la mikoko. Mzamiaji hupendelea basi maji yanayojaa, kwa kuwa ataona mbali, na pia kwa kuwa mkondo utamsukuma kuingia ndani badala ya kumtoa nje bahari kuu. Katika mwambao wa Tanzania, siku za bamvua maji hukupwa kama saa 4 asubuhi na kujaa kama saa 10 alasiri. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Juma la bamvua, kwa hiyo, humwachia mzamiaji wa Kinasi mchana tu, na mikondo yake ni ya nguvu. Mgeni afadhali achague juma la maji mafu. Hapa pana mgongano na hesabu iliyotangulia: siku ya mwisho yataka kuzama asubuhi, na bamvua yataka kuzama mchana. Mpangaji aliyetazama kalenda ya mwezi kabla ya kukata tikiti hatapambana na mgongano huo.

Mwili nao una haki yake. Mwenye mafua asizame, kwa maana mirija ya masikio iliyoziba haiwezi kusawazisha kanieneo, na ngoma ya sikio yaweza kupasuka katika mita chache tu. Wenye pumu, kifafa, au historia ya pafu kupasuka wamwone daktari kabla ya kulipa chochote. Mgeni anayetumia dawa ya meflokwini kwa kinga ya malaria amweleze daktari kwamba atazamia; dawa hiyo huweza kuleta kizunguzungu, na chini ya maji kizunguzungu hakitofautiki na dalili za ugonjwa wa mapovu.

Dalili hizo ni maumivu ya mabega na magoti, ganzi, mwasho wa ngozi, uchovu usio na sababu, miguu kulegea, mkojo kuzuilika. Mara nyingi huanza ndani ya saa chache baada ya kutoka majini. Mgonjwa hulazwa, hupewa maji ya kunywa akiwa na fahamu, na huvutishwa oksijeni tupu. Kwa kuwa haina naitrojeni, oksijeni huharakisha kutoka kwa ile iliyomo mwilini. Kisha hupelekwa kwenye chemba ya kanieneo, ambamo hurudishwa katika mgandamizo na kupunguziwa kidogo kidogo. Kumrudisha baharini na mtungi ni kosa lililoua watu. Chemba za namna hiyo ni chache katika mwambao wote wa Afrika Mashariki, wala Mafia si mji mkubwa. Swali la kuuliza kwa barua kabla ya safari ni chemba iliyo karibu na inayofanya kazi iko wapi, mgonjwa atafikishwaje huko bila kupandishwa juu angani, na je, chombo cha wazamiaji hubeba oksijeni. Mwenyeji asiye na jibu la maswali hayo matatu asipewe fedha, hata kama bei yake ni nafuu.

Limebaki suala la uzito. Mzamiaji hufunga mshipi wa risasi ili azame, na kurekebisha hewa katika fulana yake ili asizame mno wala asielee. Asiyelijua zoezi hili hutua juu ya matumbawe. Matumbawe yenye matawi huweza kukua kwa kama sentimeta 10 kwa mwaka. Yale ya mviringo, kwa sentimeta 1 hivi. Pezi moja lililopigwa vibaya huvunja kazi ya miaka mingi. Matumbawe ya Mafia yamekwisha kuteswa na baruti za wavuvi haramu, na mwaka 1998 joto la bahari lilipozidi kiasi, mengi yalipauka na kufa, hasa miamba ya Tutia upande wa kusini. Kwa hiyo siku ya kwanza ya likizo, mara nyingi, hutumiwa penye mchanga mtupu ndani ya ghuba, katika mita 4 au 5, mwalimu akimtaka mgeni aelee wima bila kugusa chini kwa dakika tano nzima, akipumua polepole, akipanda kidogo kila anapovuta pumzi na kushuka kidogo kila anapoitoa.